Chupa ya Maabara si Mwili wa Mtu

Limezuka neno katika nchi yetu ambalo limekuwa na nguvu kuliko hirizi. Neno hilo ni "imethibitishwa na maabara." Mtu asimamaye kando ya kituo cha mabasi na chupa za maji ya rangi ya kahawia hulisema, asemaye redioni kabla ya taarifa ya habari hulisema, na karatasi zinazobandikwa juu ya nguzo za umeme hulirudia kwa herufi kubwa. Zamani muuzaji wa dawa alijisifia babu yake, ambaye mti ule alioteshwa katika ndoto. Siku hizi babu amepewa likizo, na mahali pake pameketi maabara. Msikilizaji, hasa yule aliyekwenda shule kidogo, hunyamaza, kwa kuwa huona haya kubishana na elimu.

Nia ya insha hii ni kubishana. Sibishani na maabara, wala sibishani na miti. Nabishana na daraja la uongo lililojengwa kati ya jambo lililoonekana ndani ya chupa na afya ya mtu aliyelala kitandani. Nasema ya kwamba kitu kilichotoka katika mmea chaweza kuwa na nguvu ya ajabu katika maabara, nguvu iliyopimwa na kupimwa tena mpaka wataalamu wote wakaikubali, na hata hivyo kitu hicho kisiwe dawa ya ugonjwa anaoutaja muuzaji. Ushahidi wangu sitautoa ng'ambo. Nitauanzia katika mti unaoota vilimani mwetu, ambao pengine wewe msomaji umepata kupumzika kivulini mwake bila ya kujua ulikuwa karibu na nini.

Mti huo kwa Kiswahili huitwa msunguti. Ni mti mfupi, mara nyingi kichaka tu, wenye majani magumu yang'aayo ambayo hayapukutiki wakati wa kiangazi. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo, na harufu yake ni nzuri hata mgeni angependa kuupanda mlangoni pake. Wakamba huuita kivai, Wamasai olmorijoi, Wakikuyu murichu. Wagiriama sumu yake huiita utsungu, neno ambalo ni ndugu wa uchungu wa Kiswahili. Na hapa lugha zetu zimesema kweli ambayo mwanakemia angeitia sahihi, maana kitu chenyewe ni kichungu kweli kweli. Katika mti na mizizi yake ndimo inamotoka sumu ya mishale. Wawindaji wa Kiwaata, ambao walivuta pinde nzito za kumwangusha ndovu, waliitegemea sumu hiyo, na mafundi wa Kigiriama waliitengeneza na kuiuza mbali na kwao, mpaka serikali ya kikoloni ilipoanza kuwasaka wawindaji hao katika nyika ya Tsavo miaka ya 1950.

Naomba tukae kidogo na mafundi hawa, kwa sababu wamedharauliwa na watu wasiostahili kuwabebea mifuko yao. Fundi wa sumu alijua ya kuwa kitu chake huharibika kikikaa sana, basi aliufunga mkuki wa mshale kwa utepe wa ngozi ili sumu isikauke, tena isimkwaruze mwenyewe wala mtoto wake. Alijua tofauti ya njia ambazo kitu huingilia mwilini: sumu ikiingia katika damu humwua mnyama mkubwa, lakini nyama ya mnyama huyo huliwa, baada ya kukatwa na kutupwa ile iliyolizunguka jeraha. Leo twajua sababu, kwamba kitu hiki hakifyonzwi vema na matumbo. Fundi hakuijua sababu, lakini jambo lenyewe alilijua bila ya kukosea, na watu walikula wakaamka asubuhi. Tena alipima. Imeandikwa ya kwamba alijitoja kidogo, akaiacha damu itiririke, kisha akaigusisha sumu mwisho wa mfereji wa damu, mbali na jeraha, akatazama jinsi damu inavyobadilika rangi kuelekea juu. Na kabla mabadiliko hayajafika penye jeraha aliifuta upesi. Mtu awezaye kufanya kipimo kama hicho juu ya ngozi yake mwenyewe hawezi kuambiwa ya kuwa hana elimu ya vipimo. Alikuwa nayo, na gharama ya kukosea aliilipa yeye, siyo mteja.

Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa aitwaye Arnaud alichukua mti wa aina hiyo uliotoka nchi za Wasomali, akakitenga kile kitu chenye nguvu, akakipa jina lililotokana na neno la Kisomali waabaayo. Kwa matamshi yetu twaweza kukiita wabaini. (Sikio la Mswahili huenda likadhani ni amri, kwamba watu sasa wabaini, nami sina haja ya kulisahihisha sikio hilo.) Wabaini ni unga mweupe wa fuwele. Katika maji baridi huyeyuka polepole, katika maji yachemkayo huyeyuka upesi, na hutunzwa mbali na mwanga. Kila molekuli yake ina atomi 29 za kaboni, 44 za haidrojeni na 12 za oksijeni. Umbo lake ni pete nne zilizoshikamana, ambazo zina ujamaa na kolesteroli, na juu yake imeungwa sukari iitwayo ramnosi. Kitu hicho hicho hupatikana pia katika mbegu za mtambaazi mmoja wa Afrika ya Magharibi. Kampuni zinazouza kemikali huuza wabaini kwa miligramu kwa ajili ya maabara, na juu ya chupa huchorwa fuvu la kichwa, na kuandikwa ya kuwa ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya watu. Liweke moyoni neno hilo la kwenye chupa.

Sasa tuangalie kazi yake. Kila seli ya mnyama, iwe ya ng'ombe, ya kaa au ya mtu asomaye insha hii, ina pampu ndogo ndogo katika ngozi yake. Pampu moja hutoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza ndani chembe 2 za potasiamu, na kwa kila mzunguko hutumia molekuli moja ya ile akiba ya nguvu ambayo wanafunzi wa biolojia huijua kwa jina la ATP. Sehemu kubwa ya chakula tulacho hutumika kuziendesha pampu hizi hata tukiwa tumelala. Zikisimama, neva hazipeleki habari, figo hazichuji, na moyo hupoteza mwendo wake. Wabaini hufika kwa nje, hujishikiza katika pampu kama kipande cha mti kilichopachikwa katika gurudumu, na pampu husimama. Sodiamu hujaa ndani ya seli. Sodiamu ikijaa, kalsiamu nayo hukosa njia nzuri ya kutoka. Na kwa kuwa kalsiamu ndiyo iambiayo msuli wa moyo ujikaze, moyo hujikaza kwa nguvu zaidi. Kidogo cha wabaini, basi, huutia moyo dhaifu nguvu. Kikizidi kidogo tu, moyo hupiga ovyo, kisha hunyamaza. Ndovu wa Tsavo aliangushwa na jambo hili, na kwa jambo hili hili madaktari wa Ujerumani na Ufaransa waliwadunga wagonjwa wa moyo sehemu ya miligramu moja ya wabaini, huku wamewashika mkono wakihesabu mapigo.

Elimu ya pampu yenyewe ina deni kubwa kwa mti wetu. Mwaka 1953 Schatzmann, mtaalamu wa Uswisi, alionyesha ya kuwa vitu vya jamaa ya wabaini huzuia sodiamu na potasiamu zisipitishwe katika seli nyekundu za damu. Mwaka 1957 Mdenmark Jens Christian Skou, aliyekuwa akifanya kazi na neva za miguu ya kaa, alichapisha habari za kimeng'enya kilichotaka sodiamu na potasiamu pamoja ili kifanye kazi. Mwaka uliofuata alikutana mjini Vienna na Mmarekani Robert Post, naye Post alimwuliza swali moja: je, kimeng'enya hicho huzuiwa na wabaini? Skou hakuwa na jibu. Alipiga simu kwenye maabara yake, akaagiza kipimo kifanywe, na jibu likarudi kwamba ndiyo, huzuiwa. Basi kimeng'enya na pampu vilikuwa kitu kimoja, na mwaka 1997 Skou alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwanafunzi wa Kenya huichora pampu hii katika daftari lake, akaweka mishale ya sodiamu na potasiamu mahali pake. Sijui kwa nini asiambiwe ya kuwa iliyosaidia kuitambua ni sumu ya mti wa jamaa ya ule unaoota juu ya kilima nyuma ya shule yake.

Hapa ndipo ninapomwita muuzaji wa chupa za kahawia, kwa sababu nimempa bidhaa bora kuliko zote alizopata kuuza. Je, anatafuta kitu ambacho kimethibitishwa na maabara? Hakuna kilichothibitishwa kuliko hiki. Anataka kitu kinachoua seli za saratani? Wabaini huziua. Gramu moja ikiyeyushwa katika lita 10,000 za maji, maji hayo yatatosha kuziua seli nyingi za saratani ya binadamu zilizooteshwa katika sahani ya kioo. Jambo hili limeonekana katika maabara nyingi, na kuchapishwa mara nyingi, na halina uongo ndani yake. Muuzaji angeweza kulibeba karatasi kwa karatasi mpaka sokoni, na kila karatasi ingekuwa ya kweli.

Lakini sahani ya kioo haina moyo. Ndani yake mna seli za aina moja, zimelowana katika maji ya chakula, hazina neva wala figo wala mwenyewe wa kulalamika. Seli za saratani zikifa humo, twajua ya kuwa zimekufa. Hatujui kama seli njema zingepona. Na kwa habari ya wabaini jibu ni baya: seli njema za binadamu nazo huuawa kwa kipimo kisichopishana sana na kile kinachoziua za saratani, kwa maana zote zina pampu, na pampu zao ni za namna moja. Sabuni huua seli za saratani katika sahani. Siki huziua. Moto huziua. Kuua katika sahani ni kazi rahisi. Iliyo ngumu ni kuua kimoja na kumwacha jirani yake. Hilo ndilo swali ambalo karatasi za kwenye nguzo haziliulizi.

Muuzaji aliyesoma zaidi atanijibu ya kwamba panya wamejaribiwa. Vema, tuwatazame panya. Katika maabara nyingi uvimbe wa saratani ya mtu hupandikizwa katika mwili wa panya mdogo, kisha panya hupewa dawa. Panya akipewa kitu cha jamaa ya wabaini, mara nyingine uvimbe husinyaa na panya huendelea kula na kukimbia. Nani angekuwa na moyo wa kukataa ushahidi kama huo? Uvimbe umekufa, mwenye mwili ni mzima! Lakini pampu ya panya si sawa na pampu ya mtu. Mwaka 1988 wataalamu walionyesha ya kuwa mahali pawili tu katika protini hiyo ndefu pana herufi tofauti, na tofauti hiyo huifanya pampu kuu ya panya kuvumilia wabaini kiasi cha mara 1,000 kuliko pampu ya binadamu. Basi katika jaribio lile uvimbe ulikuwa wa mtu, na mwili ulikuwa wa panya. Kilichokufa kilikuwa cha mtu. Kilichopona kilikuwa cha panya. Kama mwili wote ungalikuwa wa mtu, wote ungalikufa pamoja, na moyo ungalitangulia. Jaribio halikudanganya hata kidogo; lilijibu kwa uaminifu swali ambalo hakuna mgonjwa aliyeliuliza.

Mtu akitaka kuona jinsi miili inavyotofautiana, amtazame mnyama mmoja wa Afrika ya Mashariki, panya mkubwa mwenye manyoya marefu ambaye wataalamu humwita Lophiomys. Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya kwamba panya huyu hutafuna ganda la msunguti, akalichanganya na mate, kisha akajipaka ubavuni katika nywele za namna ya pekee ambazo hufyonza kama utambi. Mbwa anayemwuma huugua, na pengine hufa. Panya mwenyewe hutafuna sumu ya mishale kama mtu atafunavyo muwa, akaenda zake. Nani angesema ya kuwa msunguti ni chakula kizuri kwa kuwa mnyama huyu amekitafuna?

Najua lawama itakayonijia. Nitaambiwa ya kwamba nazidharau dawa za wazee, na ya kwamba maneno yangu ni mabaki ya wakoloni waliokiita kila cha Mwafrika ushenzi. Lawama hii naikataa, tena kwa nguvu. Nimewaeleza mafundi wa utsungu kwa heshima kubwa kwa kusudi, kwa sababu wao ndio wanaomhukumu muuzaji wa leo kabla yangu. Fundi alikuwa na mti mmoja, kazi moja, na kipimo cha kuijaribu kazi hiyo. Sumu yake ikiwa dhaifu, ndovu alikimbia na sifa ya fundi ilikimbia naye. Muuzaji ana chupa moja kwa kisukari, presha, utasa, vidonda vya tumbo na saratani, na hana kipimo hata cha moja kati ya hayo. Mteja asipopona huambiwa ya kwamba hakumaliza chupa ya tatu. Ikiwa kuna mtu anayezitukana elimu za wazee, ni yule anayeyaazima majina yao ili auze maji ambayo wao wasingeyauza.

Wengine watanikumbusha ya kuwa dawa nyingi kubwa zilitoka katika mimea. Ni kweli, na historia yake yanisaidia mimi. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha kitabu juu ya ua moja la bustani za Uingereza lililokuwa likitumiwa na watu wa mashambani kwa ugonjwa wa kuvimba mwili. Kutoka katika jamii ya ua hilo tumepata digoksini, ambayo mpaka leo hutumiwa na madaktari wa moyo, nayo huishika pampu ile ile inayoshikwa na wabaini. Withering alieleza habari za wagonjwa wake 163, akawataja waliopona na wasiopona, waliopewa kipimo sawa na waliotapika kwa kuzidishiwa. Huo ndio mwanzo wa dawa: siku mtu anapokubali kuandika habari za wale ambao dawa yake iliwashinda. Nionyesheni karatasi moja ya kwenye nguzo ya umeme yenye orodha hiyo.

Tena dawa huchukua muda. Mwaka 1972 Mmarekani Kupchan na wenzake walitangaza ya kuwa wamekitenga kitu kiitwacho mayitansini kutoka katika kichaka cha Ethiopia. Katika sahani za maabara kilikuwa na ukali wa kutisha juu ya seli za saratani. Matumaini yalikuwa makubwa, hata katika miaka hiyo ya 1970 zilikusanywa tani zipatazo 27 za kichaka cha jamii hiyo hapa kwetu, katika milima ya Shimba, zikapelekwa Marekani. Kisha kikajaribiwa kwa watu. Wagonjwa walitapika, wakaharisha, wakapata maumivu ya neva, na uvimbe wa wengi wao haukupungua. Kazi ikaachwa. Baadaye wataalamu walipata njia ya kuifunga dawa ya ukoo huo katika kingamwili, ambayo huibeba mpaka kwenye seli zenye alama fulani na kuiachia humo ndani. Na mwezi wa Februari 2013 dawa iliyoundwa hivyo ilikubaliwa nchini Marekani kwa aina moja ya saratani ya matiti. Toka sahani ya kioo mpaka kwa mgonjwa ilipita miaka 41. Na jambo la kuchekesha, kama si la kuhuzunisha kwa kichaka cha Shimba, ni kwamba siku hizi kiini cha dawa hiyo hupatikana kwa bakteria wanaofugwa katika mapipa. Mtu ambaye mwaka 1973 angechemsha majani ya kichaka kile na kuyauza kama dawa ya saratani angekuwa na maabara upande wake, na angewaua wateja.

Mwaka 2020 tuliona haraka ya namna hii ikipanda mpaka kwenye viti vya wakuu wa nchi. Mwezi wa Aprili mwaka ule Madagaska ilizindua kinywaji cha artemisia kuwa kinga na tiba ya ugonjwa mpya wa korona, na nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zilikipokea. Artemisia ni mmea wenye heshima. Kutoka humo Tu Youyou wa China na wenzake walipata dawa ya malaria ambayo imeokoa watoto wengi wa bara letu, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini Tu na wenzake walikunywa dondoo lao wenyewe kwanza, kisha wakawapa wagonjwa wa malaria, wakahesabu vimelea katika damu zao. Heshima iliyopatikana kwa kuhesabu vimelea vya malaria haiwezi kuhamishiwa ugonjwa mwingine kwa hotuba. Kinywaji kile kilitangazwa kwanza, na majaribio yakaambiwa yafuate nyuma.

Imebaki hoja moja, nayo ni nzito kuliko zote zilizotangulia. Mtu wa kijijini huniambia: wewe waongea habari za miaka 41, nami hospitali yenye mashine ya saratani iko mbali nami safari ya siku nzima, na fedha zao sina. Muuzaji huja mpaka mlangoni, huniita mama au mzee, hunisikiliza. Je, nikae nife kwa kungoja maabara? Mtu huyu hana kosa hata moja. Analalamika juu ya jambo la haki, na lawama yake yafaa ifike kwa wale wanaopanga mahali pa kujenga hospitali na bei ya kutibiwa ndani yake. Lakini wako wasemao ya kuwa, maadamu hospitali ni chache, tusiwabane wauzaji, angalau watu wapate pa kukimbilia. Hao humtoza maskini mara mbili. Kwanza alipe kwa kukosa hospitali. Kisha auze mbuzi wake alipie chupa.

Tena kuna malipo ya tatu, ambayo hayahesabiwi kwa mbuzi. Mwanamke ameona uvimbe mdogo katika titi lake mwezi wa Januari. Ni mdogo kiasi cha punje ya mahindi, nao ungeweza kukatwa. Anauziwa chupa ya kwanza, kisha ya pili, na kwa kuwa ameambiwa ya kuwa maabara imethibitisha, hana wasiwasi. Anasubiri dawa ifanye kazi. Mwezi wa Agosti jirani anamchukua kwa nguvu mpaka hospitali ya wilaya. Daktari anaupapasa uvimbe, anapapasa na kwapani, kisha anauliza ulianza lini. Anajibiwa, na kalamu yake inasimama juu ya karatasi.